Foleni ya Marehemu Sifaeli

1

Siku kipokezi kipya kilipofungwa kwenye redio ya kijiji, katika ofisi ya shule ya Kirongwa, Mwalimu Eliwaza Msuya alitarajia kusikia taarifa ya mvua. Badala yake alisikia sauti ya mtu waliyemzika miezi saba kabla, ikieleza bila haraka namna mbuzi alivyotafuna waya wa antena, na hatua zilizochukuliwa dhidi ya mbuzi huyo.

Eliwaza alizima mashine, akachungulia dirishani kuona kama kuna mtu anayemfanyia mzaha, kisha akaiwasha tena. Mbuzi alikuwa bado anashughulikiwa.

Maelezo yalipokwisha ikafuata sauti nyingine, ya kike, yenye upole wa karani wa mapokezi.

"Ndugu wa Kirongwa, huo ni ujumbe wako wa dharura. Ili nihakikishe umeusikia wote, tafadhali jibu: mbuzi alitafuna waya wa upande gani?"

"Wa kushoto," Eliwaza akabahatisha.

"Jibu si sahihi. Ujumbe unarudiwa."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mzee Sifaeli Mrutu, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa masikio na mdomo wa Kirongwa. Ya pili ilikuwa ya Kipanga. Minara ya simu upande huu wa milima ya Upare ilikuwa imeanguka masika baada ya masika, hadi serikali ikachoka kuisimamisha, ikarusha puto kubwa kama uwanja wa mpira, ikaliita Kipanga, likae juu ya mawingu mwaka mzima, likila jua, likipokea sauti ya kijiji hiki na kuishusha kijiji kile. Kila kijiji kiliombwa kitoe mtu mmoja wa kujitolea kuendesha redio. Huko Kirongwa hapakuwa na mashindano. Sifaeli alikuwa na redio aliyoiunga kwa mikono yake tangu ujana, na alikuwa akizungumza na watu wa Brazili na Indonesia wakati majirani wakidhani anasema peke yake chumbani.

Miaka mitatu kabla ya kufariki, radi iliunguza kipokezi chake. Aliweza kutuma ila hakuweza kusikia chochote. Wilaya iliahidi kuleta kingine. Sifaeli hakuona sababu ya kunyamaza kwa kusubiri. Kila jioni aliingia katika chumba cha redio, akazungumza na anga, akatoka ameridhika. Aliwaambia watu kwamba vijiji vingine vinamsikia vizuri, ila havina la kuongeza. Katika miaka hiyo mitatu halikutokea janga kubwa upande wote ule, naye aliamini ni kwa sababu ya maonyo yake.

Kumbe hakuna aliyemsikia. Mafundi waliomtengeneza Kipanga walikuwa waangalifu mno. Waliogopa neno moja lililosikika vibaya lisije likahamisha kijiji kizima bure, hivyo wakaweka kanuni kwamba ujumbe wa dharura usomewe kwanza aliyeutuma, aulizwe swali kuonyesha kwamba amesikiliza, ndipo usambazwe. Usipothibitishwa, unasubiri. Na dharura nyingine yoyote kutoka kijiji hicho inasubiri nyuma yake.

Lingekuwa jambo dogo kama Sifaeli angetumia alama ya dharura kwa dharura. Ila ujumbe wa kawaida ulishushwa kwa zamu yake, baada ya bei za mahindi na matangazo ya chanjo, na yeye aliona alama ya kawaida ni ya watu wasio na uhakika na wanachosema. Kila alichokisema kwa miaka mitatu alikuwa amekitia alama ya dharura.

Alipomaliza kujibu swali la mbuzi, safari hii kwa usahihi, Eliwaza aliuliza foleni ina jumbe ngapi. Kipanga akamwambia. Mwalimu akaenda kumtafuta mwenyekiti wa kijiji.

2

Mwenyekiti Mbonea alikuwa mtu wa kupanga zamu. Alikwisha kupanga zamu za maji, za mfereji na za kufagia kanisa, na sasa akapanga zamu za kumsikiliza marehemu. Kila kaya itoe mtu mmoja mwenye akili timamu, aje shuleni baada ya masomo, asikilize na kujibu. Kwa mwendo huo, alisema, foleni ingekwisha kabla ya masika.

Watu walilalamika siku mbili, siku ya tatu wakaanza kuja hata wasio na zamu. Walikuja na vigoda na karanga. Walisikia jinsi ya kumenya waya, jinsi ya kumjua mtu wa Brazili kwa kikohozi chake, na sababu tisa za kutomwamini fundi wa paneli za jua kutoka mjini. Kila ujumbe uliothibitishwa ulishuka Upare nzima, na baada ya muda ikasikika kwamba hata vijiji vya ng'ambo watu wanaacha jembe ili wamsikilize mzee wa Kirongwa. Wapo waliojaribu kumrekodi kwa simu zao wakaambulia mvumo mtupu, kwa kuwa sauti za dharura zilifungwa zisinakiliwe. Ilibidi uwepo.

Zamu ya Mwenyekiti mwenyewe ilikuwa mbaya. Alisinzia katikati ya somo la kumenya waya na akarudishwa mwanzo mara tatu. Ujumbe uliofuata ulimwamsha. Marehemu aliripoti, na akaomba jambo lipewe uzito linalostahili, kwamba Mwenyekiti amechimba choo juu ya mfereji wa maji ya kunywa na kwamba amekipaka rangi ya majani ili kisionekane.

"Ndugu wa Kirongwa," Kipanga akauliza, "choo kimepakwa rangi gani?"

Ofisi ilikuwa imejaa. Mwenyekiti aliangalia dari, akaangalia viatu vyake.

"Kijani," akasema.

"Sahihi. Ujumbe unasambazwa."

Kesho yake Mwenyekiti alimwendea Eliwaza na kumwambia kwamba amelitafakari suala hili kwa mapana, na anaona foleni ifutwe, kwa faida ya umma. Eliwaza alimjibu kwamba mwendeshaji kama yeye hana uwezo huo. Kanuni inasema ujumbe wa dharura unafutwa na aliyeutuma, au na mrithi wake kwa sauti yake mwenyewe. Basi wakaenda kwa mjane.

Nakundwa Mrutu aliwasikiliza huku akipukuchua maharage, akakataa. Mwenyekiti akaongeza maneno, akakataa tena, na maharage hayakusimama. Alisema ameishi na Sifaeli tangu akiwa msichana, na muda wote huo mtu yule alikuwa anamjibu "mh". Akimuuliza safari ilikuwaje, mh. Akimuuliza mtoto aitwe nani, mh, na ndiyo maana watoto wote amewapa majina yeye. Alidhani ndivyo alivyoumbwa. Sasa anaambiwa mtu huyohuyo alikuwa na maneno ya miaka mitatu, tena ya kugawa Upare nzima. Yeye ni nani asiyasikie?

Tangu siku hiyo alikuja shuleni kila siku na ungo wake, akaketi karibu na spika.

Jioni moja ilisikika sauti ya Sifaeli ikisema: "Kipanga, hapa Kirongwa. Leo mke wangu amepika makande. Aliniuliza yakoje, nikasema yanalika. Nataka iandikwe mahali kwamba yalikuwa matamu kuliko yoyote niliyowahi kula, na mimi nimekula mengi. Sijui kwa nini sikumwambia. Nikishika kipaza sauti maneno yanakuja, nikiketi naye mezani yananikimbia. Mwisho."

Watu wakaacha kutafuna karanga.

"Ndugu wa Kirongwa," Kipanga akauliza, "mke wa mtumaji alipika nini?"

Mwenye zamu alifungua mdomo, Nakundwa akamzuia kwa mkono.

"Ugali," akasema.

"Jibu si sahihi. Ujumbe unarudiwa."

Sifaeli akasema tena yote, tangu mwanzo. Swali likaulizwa. Nakundwa akafikiri kidogo, kama mtu anayejitahidi.

"Wali."

Alimaliza vyakula vyote anavyovijua kabla ya kufika kwenye makande. Eliwaza, aliyekuwa mwalimu na aliyejua mtoto anayekosea makusudi anakuwaje, alitazama upande mwingine. Lakini usiku ule alilala vibaya. Njia ya dharura ya Kirongwa ilikuwa imezibwa tangu kipokezi cha marehemu kiungue, na kwa majibu ya namna ile foleni isingekwisha kabla ya mvua. Alijua anapaswa kusema. Alijua pia kwamba aliyeomba kufuta kabla yake alikuwa anaficha choo, na hakutaka kusimama upande mmoja naye.

3

Masika yaliwahi. Asubuhi moja, baada ya juma zima la mvua, watoto wa ng'ambo ya mto Ngwenzi walifika shuleni miguu mikavu. Walifurahi sana. Walimwambia mwalimu kwamba mto umeisha.

Eliwaza hakuwauliza mara ya pili. Alitoka, akapanda hadi mahali panapoonekana korongo, akaona. Kilima chenye mashamba ya tangawizi kilikuwa kimeteremka kizima kizima na kuziba mto, na nyuma ya udongo ule maji ya mvua ya juma zima yalikuwa yanajikusanya, mekundu, yametulia. Kirongwa ipo mgongoni mwa mlima, haikuwa na la kuogopa. Ghona iko chini, mtoni kabisa, na siku ile ilikuwa siku ya gulio.

Mwenyekiti alituma vijana wawili wenye mbio, ingawa barabara ilikuwa imekatika na njia ya mguu ingewachukua hadi alasiri. Eliwaza alikimbilia ofisini. Nakundwa alikuwa amekwisha kufika, ungo magotini.

"Kipanga, hapa Kirongwa. Dharura. Mto Ngwenzi umezibwa, maji yatapasuka. Ghona wahame sasa hivi."

"Nimepokea dharura yako, ndugu. Ipo kwenye foleni. Mbele yako zipo dharura mia mbili na kumi na nne."

"Hii ni ya kweli."

"Dharura zote ni za kweli," Kipanga akasema kwa upole uleule. "Sikupewa kipimo cha kuzipima."

Eliwaza aliweka kipaza sauti mezani; ujumbe wa kawaida nao ungeshuka jioni, baada ya bei za mahindi. Alimgeukia Nakundwa, akapiga goti ili nyuso zao zilingane, akamweleza: korongo, maji, gulio. Hakumwambia afanye nini.

Nakundwa hakuwa mtu wa kukubali jambo kabla ya kulibishia. Alivuta kipaza sauti, akashika kitufe kama alivyoona wengine wakishika.

"Wewe mwanamke," alimwambia Kipanga, "huyo unayemwekea foleni amekufa. Dharura ya mfu ni dharura ya nani?"

"Sina taarifa ya kifo cha mtumaji."

"Ndiyo nakupa."

"Kwa kumbukumbu, tafadhali taja jina la marehemu na uhusiano wako naye."

Nakundwa alikuwa amepokea pole za kijiji kizima, lakini maneno yenyewe walikuwa wakiyasema wengine: mchungaji, Mwenyekiti, wanawe. Aliangalia ule ungo.

"Sifaeli Mrutu," akasema. "Mume wangu. Amekufa."

"Pole sana kwa msiba, ndugu. Kwa kuwa wewe ni mrithi, foleni hii ni mali yako. Unaweza kuendelea kuisikiliza, au kuifuta. Ikifutwa hairudi."

"Huwezi kuisogeza pembeni, hawa wapite, nasi tuendelee?"

"Ningekuwa na pembeni, ndugu, ningeisogeza. Kabla ya kufuta, mrithi ana haki ya kusikia ujumbe mmoja auchague mwenyewe. Nikupe wa mwisho?"

Eliwaza alifumba macho. Wa mwisho ungeweza kuwa mrefu kama ibada, na asingekuwa na moyo wa kuukatisha.

"Nipe mfupi kuliko yote," Nakundwa akasema. "Kuna watu sokoni."

Mashine ikakwaruza kidogo.

"Kipanga, hapa Kirongwa," akasema Sifaeli. "Leo nilikuwa na mengi, ila Nakundwa ameniita chakula kipo mezani. Naenda. Mwisho."

Nakundwa alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani kabla hajakizuia.

"Alikuwa anakuja kweli," akamwambia Eliwaza. "Nilikuwa namuita nikidhani hanisikii." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akabonyeza kitufe. "Futa."

"Zote?"

"Usiniulize mara mbili, mwanangu. Futa."

Haikusikika sauti yoyote ya kitu kufutika. Kipanga alisema tu kwamba foleni ipo wazi na Kirongwa inaweza kuzungumza. Eliwaza alisoma dharura yake, akasomewa, akajibu swali kwamba mto uliozibwa unaitwa Ngwenzi, na ujumbe ukashuka.

Mwendeshaji wa Ghona aliitwa Heriel, kijana mwenye duka la mbegu. Alijibu huku nyuma yake kukisikika kelele za gulio.

"Tumekupata, Kirongwa," akasema, na ilisikika kwamba anatabasamu. "Hiyo ni ya mwaka gani?"

"Ya leo," Eliwaza akasema. "Heriel, ni ya leo. Nimeona kwa macho yangu."

Heriel akasema kwamba wiki iliyopita pia walitangaziwa dharura, wakakusanyika, ikawa ni habari ya mbuzi mwingine. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Alikuwa anampenda mzee yule, alisema, hapa sokoni wote wanampenda, wanasubiri ya leo.

Nakundwa alichukua kipaza sauti mkononi mwa mwalimu.

"Kijana, mimi ndiye mke wake," akasema. "Ya leo haipo. Na ya kesho haipo. Nimefuta sauti yake yote sasa hivi ili wewe unisikie mimi. Toa watu mtoni."

Tabasamu likatoka katika sauti ya Heriel.

"Nimeelewa, mama," Heriel akasema. "Natoa watu."

4

Maji yalipasuka mchana, vijana wawili wa Mwenyekiti wakiwa bado njiani. Yalichukua daraja, vibanda vyote vya gulio, ghala la tangawizi na nusu ya ukuta wa mahakama ya mwanzo, pamoja na mafaili ya kesi za mipaka ambazo Wapare wa Ghona walikuwa wakizipigania tangu enzi za babu zao. Mtu hayakuchukua hata mmoja. Mzee mmoja aliyekataa kuacha kitanda chake alibebwa nacho mlimani na wajukuu wanne, akiwa amekilalia, akiwaelekeza njia.

Eliwaza alikuwa ametoka na Mwenyekiti kwenda kuangalia kama kilima kilichobaki kimetulia. Mwenyekiti alimwambia njiani kwamba kile choo amekwisha kukifukia. Alilisema ghafla, bila kuulizwa, halafu akaanza kuzungumzia mawe. Kilima kilikuwa kimetulia. Walirudi wakiwa wamelowa, jua likiwa limejitokeza upande wa tambarare.

Nakundwa alikuwa ameachwa peke yake ofisini, na maagizo kwamba mashine ikiita abonyeze hapa na aseme chochote. Mashine ilikuwa imeita. Alikuwa Heriel, akisoma kaya moja baada ya nyingine, waliopo na walioko kwa ndugu, na Nakundwa alikuwa akizirudia kwa sauti ili apate uhakika. Alipoambiwa hakuna aliyepotea aliuliza watu wamekula nini. Heriel alisema bado. Wako shuleni kwenye mwinuko, watoto wanalia, unga wameuokoa lakini kuni zote zimelowa na hakuna anayeweza kuwasha moto.

Nakundwa akamwambia asipoteze muda na kuni hizo. Avunje madawati mabovu, kila shule inayo, achane mbao katikati kwa panga mpaka afike pakavu, aanze na vijiti vyembamba kama kidole cha mtoto. Akamuuliza unga ni wa nini na sufuria ni kubwa kiasi gani. Akamuuliza kama kuna mama mwenye kichanga, na kichanga kimefunikwa na nini. Alizungumza kwa namna ambayo Eliwaza, aliyesimama mlangoni akikamua maji kwenye sketi, hakuwahi kumsikia akizungumza, akiachia kitufe pale tu ilipobidi avute pumzi.

Mwalimu alisogea, akasema kwa sauti ya chini kwamba Mama amechoka, amwachie kipaza sauti, akapumzike.

Nakundwa aliinua kiganja bila kugeuka.

"Subiri, Mwalimu," akasema. "Kuna watu kule hawajala."